Kuunda Banjo kwa Sufuria Iliyotoboka na Mshipi wa Kuvulia Samaki

Sufuria ya alumini ikishatoboka kitako mara ya pili au ya tatu, nyumba nyingi za Kisumu huigeuza kuwa chombo cha maji ya kuku, na ikishindwa hata na kazi hiyo huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi huzitafuta sufuria za hali hiyo katika soko la Kibuye siku za Jumapili, wakati wachuuzi wanapofurika hadi kando ya barabara. Siku moja nilimwambia mama aliyekuwa amepanga vyombo vyake juu ya gunia, "Mama, naomba ile ambayo haiwezi kuzibwa tena." Aliniangalia kwa huruma, akanijibu, "Mwanangu, hii haitakupikia hata chai." Niliigonga ukingoni kwa ukucha, nayo ikalia kwa sauti ndefu na safi kama kengele ndogo, na ndiyo iliyokuja kuwa banjo yangu ya kwanza iliyokubali kushika sauti.

Ninasema ya kwanza iliyokubali kwa sababu kabla yake ziliharibika mbili, na zote ziliharibika kwa kosa la aina moja. Nilikuwa nimejishawishi kwamba chombo kinachotengenezwa kwa vitu vya kutupwa kinaweza kupimwa kwa macho. Hakiwezi. Sufuria inaweza kuwa kuukuu, mbao inaweza kutoka kwa kitanda kilichovunjika, na vyuma vinaweza kuokotwa kwa fundi wa baiskeli, lakini vipimo ni lazima viwe vilevile ambavyo mtengenezaji wa vinanda vya bei ghali angevitumia. Kwa hiyo katika maelezo haya nitakaa zaidi kwenye shingo, ngozi, nyuzi na daraja, ambako vipimo ndivyo vinavyoamua kila kitu, na nitapita haraka kwenye mapambo, ambayo kila mtu atajiamulia.

Msomaji wa magharibi ya Kenya hana haja ya kuelezwa sana wazo lenyewe. Nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane, litungu ya Wabukusu, obokano kubwa ya Wakisii na orutu yenye uzi mmoja zote zimejengwa kwa kanuni moja: chombo chenye uwazi ndani, ngozi iliyowambwa juu yake, mti unaobeba nyuzi, na daraja dogo linalopeleka mtikisiko wa nyuzi kwenye ngozi. Nyuzi za nyatiti zilikuwa za kano za ng'ombe, na siku hizi ni za nailoni, wala hakuna anayesema kwamba nyatiti imekoma kuwa nyatiti. Banjo nayo ni ya ukoo huo. Ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi hadi visiwa vya Karibi na Marekani, ambao waliunda upya vinanda vya kwao kwa vibuyu na ngozi. Daktari Hans Sloane aliviona vinanda vya namna hiyo huko Jamaika katika miaka ya 1687 na 1688, na michoro yake ilichapishwa mwaka 1707. Hadi leo Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga akonting, kinanda cha kibuyu chenye mti mrefu na uzi mmoja ulio mfupi kuliko wenzake, ambacho mtu akikiona hutambua mara moja kwamba ni ndugu wa banjo.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Tafuta sufuria yenye mdomo wa sentimita 28 hivi, kwa kuwa huo ndio upana unaokaribiana sana na wa banjo za kawaida. Ukingo wake uwe mzima na wa mviringo kamili; kitako kinaweza kuwa na matundu mengi kama chujio na kisikudhuru. Iweke kifudifudi juu ya kioo cha dirisha au sakafu iliyosawazishwa vizuri, uibonyeze pande zote, na ikiyumba, rudisha ukingo wake taratibu kwa nyundo ya mbao. Sufuria iliyoyumba itawamba ngozi kwa mkazo usio sawa, na utasikia sauti ikikwama upande mmoja.

Kwa shingo unahitaji mbao ya inchi mbili kwa inchi moja na nusu, yenye urefu wa sentimita 90. Mbao bora niliyowahi kuitumia ilitoka kwenye ubavu wa kitanda kilichovunjika, kwa sababu ilikuwa imekauka ndani ya nyumba kwa miaka mingi na kama ilikusudia kupinda, ilikuwa imekwisha kupinda. Shingo yangu ya kwanza niliichonga kutoka kwa mkaratusi uliokuwa bado na unyevu. Baada ya wiki tatu ilikuwa imejinyonga kuelekea kushoto hata uzi wa pembeni ukawa unapita hewani, nje ya ubao. Kabla ya kukata chochote, funga jicho moja uitazame mbao kwa urefu wake jinsi mafundi wanavyofanya, kisha vuta uzi kutoka ncha hadi ncha uone kama kuna mwanga unaopita kati ya uzi na mbao.

Mbali na hivyo, tafuta ufito wa mbao ngumu wenye unene wa milimita 8 kwa ajili ya ubao wa vidole. Mafundi wa samani hutupa vipande vya mvule vya kadiri hiyo kila siku, na ukiomba kwa adabu hupewa bila malipo. Tawi la mpera lililokauka litatoa vigingi vya kukazia nyuzi. Fundi wa baiskeli atakupa spoku zilizovunjika, ambazo zitakuwa freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole na kuonyesha mahali pa kila sauti. Mfupa wa ng'ombe uliobaki kwenye supu utakuwa kizingiti, yaani kile kipande kinachozigawa nyuzi pale kichwa kinapoanzia. Nyuzi utazipata kwa wauzaji wa vifaa vya uvuvi, na kwa watu wa Kisumu safari ya Dunga inatosha.

Ukiamua kutumia debe au kopo badala ya sufuria, chunguza lilikuwa na nini. Lililokuwa na mafuta ya kupikia huoshwa kwa maji ya moto na sabuni likawa safi, lakini lililokuwa na dawa ya kuoshea mifugo au ya kunyunyizia mimea liache huko huko, hata kama lina umbo zuri kiasi gani. Kinanda hukumbatiwa kifuani kwa saa nyingi, na watoto hukilamba.

Shingo

Chora mistari yote kwenye mbao kabla ya kushika msumeno. Sentimita 15 za mwanzo ni kichwa, zitakapokaa vigingi. Sentimita 41 zinazofuata ni shingo yenyewe, kutoka kizingiti hadi ukingo wa sufuria. Sentimita 28 zinapita ndani ya sufuria, na sentimita 3 za mwisho zinatokeza upande wa pili ili nyuzi zifungwe hapo. Jumla ni sentimita 87, na kile kipande kinachozidi kinakuruhusu kukata ncha zilizopasuka.

Sehemu inayopita ndani ya sufuria hukatwa chini kwa milimita 12 upande wa juu, na kupunguzwa upana hadi milimita 30, ili isiiguse ngozi hata kidogo. Ngozi ikigusa mti sauti hufa papo hapo, kama mtu aliyewekewa kiganja mdomoni. Sehemu ya shingo nayo hupunguzwa upande wa nyuma kwa randa na msasa hadi unene wa milimita 25, ikiwa na mgongo wa mviringo unaotoshea kiganja, lakini pale inapokutana na sufuria iache na unene wake wote. Upana kwenye kizingiti uwe milimita 35, ukipanuka polepole hadi milimita 45 kwenye ukingo wa sufuria. Kwa kuwa ukingo huo umetokeza nje kidogo, kata ngazi ndogo kwenye mbao ili ukingo uingie humo na uso wa shingo ulingane na ukingo.

Sasa toboa sufuria matundu mawili yanayotazamana, kila moja likiwa na upana wa milimita 30, na mpaka wake wa juu uwe milimita 12 chini ya ukingo. Mimi hutoboa vitundu kwa msumari kuzunguka mstari, nikamalizia kwa patasi na kulainisha kwa tupa. Kingo za alumini mbichi hukata vidole bila mtu kuhisi, kwa hiyo usiache kutumia tupa. Mti uingie kwa kubana, usicheze. Ukiwa hapo, kata pia tundu kubwa katikati ya kitako, lenye upana wa sentimita 8 au 10, ambalo litatoa sauti nyuma na kukuwezesha kuingiza mkono baadaye.

Mtu anaweza kuuliza sababu ya kuupitisha mti hadi upande wa pili badala ya kuufunga kwa misumari kwenye ukuta wa sufuria. Nyuzi nne zinavuta kwa nguvu ya kilo 16 hivi, usiku na mchana. Zikifungwa kwenye mti ule ule kichwani na mkiani, mti ndio unaobeba mzigo wote, na sufuria inabaki na kazi moja tu ya kuiwamba ngozi. Zikifungwa kwenye sufuria, ukuta wake mwembamba utakunjika baada ya muda mfupi.

Juu ya shingo bandika ule ufito wa mvule kwa gundi ya mbao, uubane kwa vipande vya mbao na mipira ya tyubu kuukuu, uuache hadi kesho yake. Unene wake wa milimita 8 ndio unaoziinua nyuzi juu ya ngozi, na ndio unaokuepusha na kazi ngumu ya kuinamisha shingo kwa pembe.

Ngozi

Ngozi inayofaa ni ya mbuzi mchanga, isiyotiwa dawa ya kulainisha. Ile iliyolainishwa kwa ajili ya viatu na mikoba hunyumbuka, na chombo hakitalia. Ukiipata ngozi mbichi machinjioni, ichanganye na maji na majivu ya kuni kwenye ndoo kwa siku tatu hadi tano, mpaka manyoya yang'oke yakivutwa kwa vidole. Kisha ilaze juu ya gogo la mviringo, uikwangue pande zote mbili kwa mgongo wa kisu, na uisuuze mara nyingi hadi maji yawe meupe. Harufu yake ni kali, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe mbali na majirani. Ngozi iliyo tayari, ikishikwa mbele ya jua, hupitisha mwanga wa rangi ya asali, na mahali palipo na unene zaidi huonekana kama kivuli. Chagua duara lisilo na kivuli katikati.

Kata duara lenye upana wa sentimita 44, uliloweshe hadi lilainike kama kitambaa, na ulitandaze juu ya mdomo wa sufuria. Toboa matundu 24 kuzunguka pembeni, sentimita 2 kutoka ukingo wa ngozi, ukiruka pale palipo na matundu ya mti. Tengeneza pete ya waya mnene ikae chini ya sufuria, kuzunguka kitako, kisha pitisha kamba ya nailoni kutoka tundu hadi pete na kurudi juu, ukizunguka sufuria nzima. Kaza mara ya kwanza kwa upole. Zunguka tena ukaze zaidi, kila mara ukihama kutoka upande mmoja hadi ule unaoutazama, jinsi fundi anavyokaza nati za gurudumu. Usijaribu kuifikisha kwenye mkazo wa mwisho ikiwa mbichi, kwa sababu ngozi hujivuta sana inapokauka.

Ikauke kivulini kwa siku mbili. Nilipokuwa na haraka niliianika moja juani saa sita mchana, karibu na ukuta wa mabati, na kabla ya saa tisa ikapasuka kwa kishindo kilichowatoa watu nje. Ikikauka sawasawa, ukiigonga kwa ncha ya kidole katikati na karibu na ukingo, utasikia sauti inayofanana pande zote. Hapo ndipo unapochukua wembe na kuikata ngozi iliyofunika yale matundu mawili ya mti, ukiacha ule mkanda wa milimita 12 unaozunguka ukingo, kisha unaupitisha mti. Upande wa mkia, pigilia skrubu moja kutoka ukutani mwa sufuria hadi kwenye mti ili shingo isisogee, na uweke misumari minne mifupi kwenye ile ncha iliyotokeza.

Freti, na hesabu yake

Banjo za mwanzo hazikuwa na freti, na mwenye sikio zuri anaweza kuacha ubao ukiwa mtupu. Kwa anayejifunza ninapendekeza freti, na hapa ndipo banjo nyingi za kujitengenezea zinapoharibikia, kwa kuwa mtu huangalia gitaa la rafiki yake, akanakili nafasi, kumbe urefu wa nyuzi ni tofauti.

Urefu wetu kutoka kizingiti hadi daraja ni milimita 600. Kanuni ni kugawa urefu kwa 17.817, jawabu ni umbali wa freti ya kwanza. Ukiondoa jawabu hilo kutoka kwa urefu, ugawe kinachobaki kwa 17.817 tena, unapata umbali wa freti ya pili kutoka ile ya kwanza, na kuendelea. Nimekwisha kuifanya hesabu. Kutoka kizingiti, freti ya 1 iwe kwenye milimita 33.7, ya 2, 65.5, ya 3, 95.5, ya 4, 123.8, ya 5, 150.5, ya 6, 175.7, ya 7, 199.5; ya 8, 222; ya 9, 243.2, ya 10, 263.3, ya 11, 282.2, na ya 12 iangukie milimita 300 kamili, yaani nusu ya uzi. Ikiwa ya 12 haikuangukia nusu, kuna mahali umekosea, na usikate. Pima kila freti kutoka kwenye kizingiti, wala si kutoka freti hadi freti, kwa maana kosa la nusu milimita likirudiwa mara 12 linakuwa milimita 6.

Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Chora mstari wa kila freti kwa ncha ya kisu, ukitumia kona ya kitabu chenye jalada gumu kuhakikisha mstari umekatiza ubao kwa pembe mraba, kisha uchimbe mfereji wa kina cha milimita 1 kwa tupa ya pembe tatu. Kata vipande vya spoku, vibandike mferejini kwa ile gundi ngumu ya mirija miwili inayochanganywa, na uvikandamize kwa ubao ulionyooka hadi gundi ishike. Siku ya pili pitisha tupa bapa juu ya freti zote kwa urefu wa shingo, kwa mkono mwepesi, hadi kila moja ionyeshe alama ndogo inayong'aa. Freti isiyong'aa iko chini kuliko wenzake, na iliyong'aa sana iko juu. Endelea hadi zilingane, kisha uziviringe kingo kwa msasa.

Vigingi na kizingiti

Chonga vigingi vinne vya mpera, virefu vya sentimita 7, vyembamba kidogo upande mmoja kuliko mwingine. Toboa matundu kichwani yakiachana kwa milimita 35 au zaidi, uyapanue kwa tupa ya mviringo hadi yafuate ule wembamba wa vigingi. Kigingi kikiteleza, kipake vumbi la chaki; kikikwama, kipake sabuni kavu. Kizingiti cha mfupa kifanye mifereji minne inayoachana kwa milimita 9, ikiwa na kina cha kuziacha nyuzi zipite juu kidogo tu ya freti ya kwanza.

Nyuzi

Tumia mshipi wa nailoni wa uzi mmoja mzima, ambao unene wake umeandikwa kwenye kibiringo. Kwa urefu wa milimita 600, nyuzi zenye unene wa milimita 1.2, 0.9, 0.7 na 0.6, kutoka ule mnene ulio karibu na kifua hadi ule mwembamba, zikikazwa kwenye sauti za so ya chini, do, mi na so ya juu, kila moja hubeba takriban kilo 4. Usawa huo una maana kubwa: vidole havihisi uzi mmoja ukilegea na mwingine ukigoma, na daraja halielemewi upande mmoja. Ukikosa wa milimita 1.2, sokota pamoja nyuzi mbili za 0.9, na uzito wake utakaribiana nao.

Do yenyewe iwe G iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda cha kanisani, au kwa programu ya simu, mitikisiko 196 kwa sekunde. So ya chini itakuwa 147, mi 247, na so ya juu 294. Waliojifunza kuimba kwa sol-fa shuleni watagundua kwamba nyuzi zikipigwa zote bila kubonyezwa hutoa sauti ya pamoja iliyokamilika, na wimbo mwingi wa kwaya unaweza kusindikizwa kwa kubonyeza freti ya 5 na ya 7 tu, kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi zote nne.

Watu wengi huniuliza kuhusu waya wa breki ya baiskeli, ambao ukifumuliwa hutoa nyuzi nyembamba za chuma. Waya huo ni mzuri kwa gitaa la debe, ambalo uso wake ni bati. Kwenye ngozi siupendi. Uzi wa chuma wa milimita 0.3 ukikazwa hadi so ya juu huvuta kwa kilo 7 hivi, karibu mara mbili ya nailoni, na shingo yetu haina chuma ndani ya kuihimili nguvu hiyo kwa nyuzi nne.

Nailoni mpya hunyumbuka kwa siku kadhaa. Kaza, piga, kaza tena, na usikasirike ikishuka usiku.

Daraja

Kipande hiki kidogo kina uzito wa gramu mbili au tatu tu, nacho ndicho kinachoamua kama banjo itaimba au itanung'unika. Kichonge kutoka kwa mwanzi mkavu uliokomaa au mvule, kikiwa na kimo cha milimita 15, unene wa milimita 4 chini na 2 juu, na kimesimama kwa miguu mitatu. Mifereji ya nyuzi iachane kwa milimita 12. Usikibandike kwa gundi; nyuzi zenyewe zitakishikilia.

Kisimamishe milimita 600 kutoka kizingiti, mahali patakapokuwa sentimita 9 hivi kutoka ukingo wa mkiani. Halafu gusa uzi kwa wepesi mno juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, uupige, na kuachilia kidole papo hapo. Utasikia sauti nyembamba kama ya filimbi. Sasa ubonyeze kabisa kwenye freti hiyo hiyo uupige tena. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Kwa kawaida litarudi nyuma milimita 2 au 3, zaidi kidogo upande wa uzi mnene. Zikilingana, weka alama ndogo ya kalamu kwenye ngozi pande zote za miguu.

Uzi ukipiga kelele ya kukwaruza kwenye freti moja tu, freti inayofuata iko juu, irudishie tupa. Ukikwaruza kila mahali, daraja ni fupi. Na ikiwa sauti inalia muda mrefu mno hadi maneno ya wimbo yanachanganyika, ingiza mkono kupitia tundu la kitako na ubane soksi kuukuu kati ya mti na ngozi, nyuma ya daraja. Jaribu kuisogeza kidogo kidogo, maana tofauti ya vidole viwili hubadilisha sauti nzima.

Ukitaka kuijaribu kwa mtindo wa nyumbani, kumbuka wapigaji wa omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, kule Kisa, wakati wa akina George Mukabi, ambao kidole gumba kilishika nyuzi nene na cha shahada kikacheza wimbo kwenye nyembamba, huku mwenzao akigonga chupa ya soda. Walipiga gitaa, lakini mkono ule huingia kwenye banjo bila shida, na chupa nayo ni ya bure.

Msimu wa mvua

Ngozi hunywa unyevu wa hewa. Kati ya Machi na Mei, hasa karibu na ziwa, utaamka asubuhi ukute daraja limezama, nyuzi zimelala juu ya freti na sauti imekuwa nzito. Usikimbilie kukaza kamba za ngozi, kwa kuwa jua likirudi ngozi iliyokazwa kupita kiasi itapasuka. Legeza nyuzi, shikilia uso wa banjo mbele ya jiko lenye makaa, umbali wa mkono mmoja, ukiizungusha kama wapiga ngoma wanavyofanya, hadi kidole kikiigonga usikie sauti imepanda. Mimi pia huwa na daraja la pili lenye kimo cha milimita 17, ambalo hulitumia kuanzia mvua ya kwanza hadi Juni, na hulihifadhi ndani ya kichwa cha soksi ile ile ili lisipotee. Kamba za ngozi huzikaza upya mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, nikizungusha kwa nusu ya nguvu zangu na kusubiri siku nzima kabla ya kuongeza.